Chuma Ulete Iko Wapi?

Somo la juma hili: 2 Wafalme 4:1–7



Miezi kadhaa iliyopita, siku ya Jumanne, mama mmoja wa usharika wetu alikuja ofisini akiwa bado amevaa aproni ya gengeni. Harufu ya vitunguu ilitangulia kuingia, naye akafuata. Hakukaa vizuri kwenye kiti, akasema, "Baba Mchungaji, naomba uje uniombee pale gengeni. Kuna mtu ananifanyia chuma ulete."

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuuza hata karanga, nieleze kidogo. Chuma ulete ni imani iliyoenea sana masokoni kwetu: kwamba yuko mteja anayekuja na noti iliyofanyiwa uganga, wewe unaipokea na kuichanganya na nyingine, kisha noti ile inamrudia mwenyewe ikiwa imewabeba wenzake. Ndiyo maana ukichungulia droo za baadhi ya wauzaji utakuta pini, au ndimu iliyokauka, na kwa wale wa kwetu utakuta Zaburi imenakiliwa kwenye karatasi, ikakunjwa, ikakunjwa tena. Mama huyu alikuwa na Zaburi. Alisema imeshindwa.

Sikumcheka. Mtu anayeamka saa tisa usiku kuwahi soko la Ilala, akasimama gengeni mpaka saa mbili usiku, wateja wanakuja, mchicha unaisha, nyanya zinaisha, halafu mwisho wa mwezi hana hela ya kurudi sokoni, mtu huyo ana haki ya kutafuta maelezo. Na kama hakuna aliyempa maelezo mengine, atachukua hayo ya uganga. Nikamwuliza swali la kuazima kwa nabii Elisha: nyumbani mwako una nini? Akasema hajui. Angalieni jibu hilo. Hakusema hana. Alisema hajui. Asubuhi anaondoka na iliyopo, jioni anarudi na iliyopo.

Nikaomba naye pale pale ofisini. Kisha nikafungua kabati nikampa daftari la kurasa tisini na sita lililobaki kwenye semina ya vijana, nikamwambia tutakutana baada ya wiki mbili. Nadhani aliondoka akijiuliza kama usharika umepata mchungaji wa kweli.

Kisa cha yule mjane mnakijua, lakini kisomeni tena polepole. Mwanamke anayemlilia Elisha ni mke wa mmoja wa wana wa manabii. Kwa lugha yetu ya leo, ni mjane wa mtumishi. Mumewe alimcha Bwana, na Elisha analijua hilo, na bado mtu huyo amekufa na deni. Aya ya kwanza tu inatupokonya maneno tuliyozoea kuambizana, kwamba anayefunga na kuomba biashara yake haiwezi kuanguka. Huyu alimcha Bwana, na mdai yuko njiani kuja kuchukua wanawe wawili wawe watumwa. Enzi zile huo haukuwa ukatili wa mtu mmoja mwenye roho mbaya. Mali ikiisha, mikono ya watoto ndiyo iliyolipa, na Torati yenyewe ililazimika kuliwekea jambo hilo mipaka.

Elisha anauliza ana nini nyumbani. Anajibu kwamba hana kitu, ila chupa ya mafuta. Anaagizwa aazime vyombo vitupu kwa majirani, tena si vichache, ajifungie ndani na wanawe, amimine. Anamimina. Kijana anaposema hakuna chombo kingine, mafuta yanakoma.

Mahubiri mengi ya kisa hiki huishia hapo, kwenye vyombo. Lete vyombo vingi, lete imani kubwa, pokea baraka kubwa. Nami nimewahi kuhubiri hivyo, kwenye semina ya mkesha, na sadaka ikawa nzuri. Lakini kisa hakiishii kwenye aya ya sita. Kuna aya ya saba, na mimi naona mzigo wote wa somo uko humo.

Hebu mfikirieni mama huyu mafuta yalipokoma. Nyumba imejaa. Mlango umefungwa, hakuna jirani anayeona. Watoto wana njaa, na kwa jinsi alivyosema hana kitu, sufuria huenda ilikuwa haijapanda jikoni tangu jana. Mafuta yapo, na mwenye mafuta hakosi cha kukaangia. Anafanya nini? Anatoka, anarudi kwa mtu wa Mungu kumweleza kilichotokea. Hajagusa hata kikombe kimoja. Ndipo anapoambiwa mambo matatu kwa mpangilio wake: akauze mafuta, alipe deni lake, kisha yeye na wanawe waishi kwa kinachobaki.

Nabii huyu huyu, sura mbili mbele, anaomba na jeshi zima la Washami linapigwa upofu. Mdai mmoja wa mtaani asingemshinda. Lakini hamfumbi macho mdai, wala hafuti deni. Muujiza unatoa mafuta tu. Kuuza ni kazi ya mama. Kutembeza mitungi, kupatana bei, kukutana na yule mteja anayeonja mara tatu asinunue, kumfuata mdai na kumlipa mkononi, hayo yote Mungu aliyaacha kwa mwanamke yule na wanawe, na hakuna malaika anayetajwa.

Uza, lipa, ishi. Sisi tumeushika mpangilio huo, lakini tumeushika kwa mkia. Tunaishi kwanza. Kikibaki tunalipa. Kisipobaki tunakopa ili tuuze.

Mama wa genge alirudi baada ya siku kumi na nne. Alikuwa amesema hatarudi, lakini alirudi, na daftari lilikuwa na alama za vidole vya nyanya kila ukurasa. Mwanawe wa darasa la sita ndiye aliyemsaidia kuandika jioni. Tulikaa na mwinjilisti wetu, ambaye zamani aliwahi kuwa karani wa chama cha msingi cha ushirika, tukajumlisha. Ameniruhusu niwaandikie hesabu zenyewe, bila jina lake.

Kwa siku kumi na nne aliuza vitu vya Sh 1,064,000. Humo tumehesabu na mboga alizopeleka jikoni kwake, tukaziandika kwa bei ya kununulia kana kwamba amejiuzia mwenyewe, maana nyanya ya kwenda nyumbani nayo imenunuliwa. Manunuzi ya sokoni yalikuwa Sh 826,000. Guta na nauli vilimla Sh 56,000, mifuko ya kufungia 14,000, ushuru 7,000. Faida halisi ikabaki Sh 161,000. Gawanya kwa kumi na nne: Sh 11,500 kwa siku. Alinyamaza. Hakuwahi kujua kwamba genge lake linampa elfu kumi na moja na mia tano kila siku. Alidhani halimpi kitu.

Upande wa pili wa ukurasa tukaandika fedha ilikokwenda. Unga, mchele na mkaa Sh 56,000. Zile mboga za nyumbani 35,000. Nauli na chapati za watoto wa shule 30,000. Kwa kijumbe wa mchezo, elfu mbili kila siku, 28,000. Mchango wa harusi ya binamu wa mumewe 20,000. Vocha 7,000. Rambirambi 5,000. Na sadaka pamoja na mchango wa ujenzi, 15,000. Jumla Sh 196,000.

Anaingiza 161,000, anatoa 196,000. Tofauti ni Sh 35,000, yaani Sh 2,500 kila siku ya Mungu. Na mtaji wake unaozunguka, ile hela ya kwendea sokoni alfajiri, ni kama Sh 60,000. Kwa mwendo huo siku ishirini na nne zinatosha kuumaliza wote. Ndiyo maana kila baada ya wiki tatu na kitu alijikuta mikono mitupu, akamtafuta mchawi.

Mwinjilisti akaweka kalamu chini akasema taratibu, "Mama, chuma ulete tumempata. Yuko hapa kwenye ukurasa huu, na ana watu wengi."

Mimi sikusema kitu, kwa sababu nilikuwa nimejiona. Katika ile elfu kumi na tano kulikuwa na elfu tano niliyoichangisha mwenyewe, kwa mdomo wangu, Jumapili ya kwanza ya hesabu, nikiwataka akina mama wasimame mmoja mmoja waahidi mabati. Alisimama. Angefanyaje, jirani yake wa genge amesimama? Na kulikuwa na jambo jingine. Nyuma ya daftari alikuwa ameorodhesha wanaodaiwa, madeni ya nyuma ambayo kabla ya hapo yalikaa kichwani mwake tu: nyanya za mia tano, nazi moja, "nitakuletea jioni." Jumla yake ilifika Sh 47,000, karibu mtaji mzima uko mitaani. Mke wa mchungaji alikuwa wa tatu kwenye orodha, Sh 3,500. Nililipa pale pale, na nyumbani tulizungumza.

Niseme hili la sadaka wazi, maana najua wazee wa kanisa wanasoma ukurasa huu. Fungu la kumi katika Kumbukumbu la Torati 14:22 linahesabiwa kwenye mazao yaliyotoka shambani, baada ya mbegu kurudi na watoto wake. Mkulima hakuambiwa atoe mbegu aliyoiweka akiba kwa msimu ujao. Mtaji wa genge ni mbegu. Mauzo ya Sh 76,000 kwa siku si mapato ya Sh 76,000, na muumini anayetoa elfu saba na mia sita kwa siku akidhani ndiyo zaka yake, huyo anamtolea Mungu hela ya muuza nyanya wa Ilala. Zaka ya faida yake ni Sh 1,150. Ikija hiyo, ikija kila siku, tutashukuru, na hatutamwuliza mabati. Baraza la wazee limekubali kwamba kuanzia sasa michango mikubwa itatangazwa miezi mitatu kabla, na kwamba hakuna mwanakamati atakayemfuata mtu kwenye biashara yake siku ya kazi na kitabu cha risiti. Tulibishana juu ya hilo mpaka saa tatu usiku.

Kazi ngumu zaidi haikuwa ya daftari. Ilikuwa ya baba wa nyumba ile. Ana bodaboda ya mkataba, anapeleka hesabu kwa tajiri wake kila siku, na tangu mkewe afungue genge alikuwa ameacha polepole kutoa hela ya matumizi. Si mtu mbaya. Aliona genge lina watu, akadhani lina hela. Nilimwita, akaja akiwa amejiandaa kwa mashauri ya ndoa, kofia ngumu mkononi. Nilimwekea ukurasa mbele yake, sikuhubiri. Alifuata mistari kwa kidole, akarudia tena, akasema, "Kumbe mimi ndiye nakula genge."

Tangu siku hiyo unga, mchele na mkaa ni wake, elfu nne kwa siku. Mchezo wa kijumbe ukashushwa kutoka elfu mbili hadi elfu moja. Mchezo si hasara, zamu yako ikifika hela inarudi. Tatizo ni kwamba zamu iliyopita ilirudi ikawa makochi. Na mama mwenyewe akawekewa mshahara: Sh 9,000 kila jioni, hizo ndizo za nyumbani, watoto, mchezo, harusi, msiba na sadaka. Zikiisha zimeisha. Mboga za jikoni zinatoka humo humo. Zinazobaki zinarudi sokoni. Hela ya genge inakaa kwenye mfuko wa kushoto wa aproni na ya kwake anaifunga kwenye pindo la kanga, ili hata giza likiingia mkono ujue unagusa nini. Nadhani ule mlango aliofunga yule mjane wa kisa cha Elisha ulikuwa wa namna hiyo. Wataalamu wa Biblia watanisahihisha.

Mtu ataniambia, "Mchungaji, mbona umekuwa mhasibu?" Nimjibu kwamba kitabu cha kwanza kilichopigwa chapa kueleza kwa kirefu jinsi wafanyabiashara wanavyoandika hesabu kwa njia ya pande mbili kiliandikwa na mtawa. Luca Pacioli, Mfransisko wa Italia, alikitoa Venice mwaka 1494, na ndani yake akamwelekeza mfanyabiashara aanze kila kitu kwa jina la Mungu, kisha aorodheshe mali yote aliyo nayo, halafu awe na daftari la kwanza la kumbukumbu ambalo kila kinachotokea kinaandikwa humo palepale. Zaidi ya miaka mia tano baadaye, daftari la nyanya la mama wa genge ni lile lile la kwanza la Pacioli. Na wahenga wetu, ambao sidhani kama waliwahi kumsikia, walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa wale wasiojua kuandika, msijitoe. Mwaka 1991, nchini Niger, shirika la CARE lilianza na wanawake wa vijijini vikundi vya kuweka na kukopa vilivyoitwa Mata Masu Dubara, na wengi wao hawakusoma. Hesabu zilitunzwa kichwani, zikitajwa kwa sauti mbele ya kikundi kizima mpaka kila mmoja akakariri. Vikoba vyetu ni wajukuu wa vikundi vile. Lile kasha la kufuli tatu mnalolijua, ambalo funguo zake wanashika watu watatu, lina akili ile ile ya mfuko wa kushoto: hela isiwe karibu na mkono wa mtu mmoja saa ambayo mtoto analia au shemeji amepiga simu. Mzee mmoja wa mtaa wa juu anauza kahawa, naye huhamisha punje ya mahindi kutoka mkebe mmoja kwenda mwingine kila akiuza vikombe kumi. Jioni anahesabu punje. Hajawahi kuja kwangu na habari za chuma ulete.

Sasa niseme juu ya mikopo, na hapa sitakuwa mpole. Kabla ya daftari, mama yetu alikuwa akikopa ile ambayo nyote mnaiita kausha damu. Aliandikiwa Sh 100,000, akapewa mkononi 90,000 kwa sababu elfu kumi ilikatwa "ya fomu", na alitakiwa kurejesha elfu tano kila siku kwa siku ishirini na sita. Yaani 130,000. Genge linalompa faida ya 11,500 kwa siku, nyumba inakula 14,000, halafu mkopeshaji anachukua 5,000. Hata darasa la pili wanaona mwisho wake. Alikuwa akikopa huku kulipa kule, na salio la mwisho, Sh 65,000, dada yake ndiye aliyemlipia baada ya watu kuja kubeba jokofu.

Benki Kuu yetu, chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, iliweka kikomo cha riba kwa wakopeshaji wasiopokea amana: asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa laki moja hiyo ni Sh 3,500. Linganisheni na elfu thelathini, achilia mbali ile ya fomu. Mkopeshaji anayetaka ushike simu tu, usione leseni yake, usipewe nakala ya mkataba, huyo anajua kwa nini hataki. Kama lazima ukope, ipo asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, na haina riba. Inataka kikundi, inataka fomu, inataka subira, na inataka kile ambacho wengi wetu hatuna: kuonyesha biashara inavyokwenda. Daftari tena.

Lakini mimi ningemwambia mtu asikope kabisa mpaka ajue faida yake ya siku. Mkopo hauponyi genge linalovuja. Ukimimina mafuta kwenye mtungi uliotoboka, kuongeza mafuta kunaongeza tope tu.

Nisije nikaonekana mwalimu asiyewahi kuanguka mtihani, niwape na changu. Miaka michache nyuma nilifuga kuku wa nyama, vifaranga mia moja, nyuma ya nyumba ya mchungaji. Chanjo nilifuata, ya kideri na ya gumboro, joto nilitunza, wakafa wachache tu. Wiki ya sita wakawa tayari. Mnunuzi akaja na bei ambayo niliona ni dharau. Nikasema nitasubiri. Kuku mia wa umri ule wanamaliza mfuko wa kilo 50 wa chakula kwa siku tatu hivi, na mimi nilisubiri siku kumi na sita. Katikati hapo walikuja wageni wa dayosisi, tukachinja. Akaja shemeji, tukachinja. Jumuiya ikasali kwetu, tukachinja wanne. Mwishoni niliuza waliobaki kwa bei ile ile ya yule mnunuzi wa kwanza. Hesabu sikuandika, kwa hiyo hasara yenyewe siijui mpaka leo, ila mke wangu anasema anaijua. Mama wa Mithali 31, aya ya 18, anajua kama bidhaa yake ina faida. Mchungaji wenu hakujua.

Mtataka kusikia mama wa genge ameishia wapi. Kile kisichokuwepo zamani, Sh 2,500 kwa siku, kilianza kubaki kwenye mfuko wa kushoto. Alitaka kuongeza biashara mara moja. Tukamrudisha kwenye aya ya saba: kulipa kunatangulia. Deni la dada la Sh 65,000 lilichukua siku ishirini na sita za kazi, siku zile zile ambazo kausha damu ilimpa, kwa nusu ya rejesho. Dada alipopokea ya mwisho alilia, maana alikwisha kusamehe moyoni na hakusema. Baada ya hapo ndipo mama wa genge alipoongeza dagaa, kisha dumu la mafuta ya alizeti, anayauza ya kupima. Watu wa mtaa wetu hawanunui lita. Wanakuja na chupa ndogo, wanataka ya mboga ya leo. Kwa hiyo kila jioni mwanawe anashika chombo, yeye anamimina.

Msidhani kila kitu kimenyooka. Masika nyanya zilipanda bei, tenga lilipofunguliwa nusu yake ilikuwa masalo, akala mtaji tena, wiki mbili mfululizo. Alikuja ofisini. Safari hii hakutaja mtu yeyote. Aliweka daftari mezani, akafungua ukurasa, akaonyesha kidole mahali ilipotokea, akauliza kama apunguze nyanya aongeze vitunguu, ambavyo vinakaa. Mwinjilisti akasema ndiyo. Tukaomba, akaenda.

Kuanzia juma hili, kila Jumatano saa kumi jioni, mwinjilisti na mimi tutakuwa kwenye benchi nyuma ya kanisa, chini ya mwembe. Mwenye genge, mwenye cherehani, mama lishe, kijana wa bodaboda, njooni. Waume pia, hasa waume. Njoo na daftari lako hata kama lina ukurasa mmoja. Kama huna, yamebaki kumi na moja kabatini. Na kama mke wa mchungaji anadaiwa chochote dukani kwako, njoo na hilo pia.